Chura wa Amani anazaa watoto, hatagi dimbwini. Tuuongelee msitu wake

ZigiJuu:
Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni. Mi naishi Muheza upande wa milimani, kazi yangu ni kutembeza wageni msituni Amani, milima ya Usambara Mashariki, na kuna jambo linanikereketa siku nyingi nataka tuliongee hapa kwa sababu najua wengi humu ni watu wa Tanga. Ni habari za chura. Najua mtu akisikia chura anahamia uzi mwingine lakini naomba mnivumilie, huyu sio yule mnayemsikia kwenye mitaro mvua ikinyesha.

Kitaalamu anaitwa Nectophrynoides tornieri. Aliandikwa kwa mara ya kwanza na Mswisi Jean Roux mwaka 1906, na jina la mwisho ni la Gustav Tornier, Mjerumani wa makumbusho ya Berlin aliyekuwa anachunguza wanyama waliopelekwa kule kutoka huku kwetu enzi za ukoloni wao. Ni kadogo, jike kubwa kabisa ni sentimita 3 na ushee, miguu myembamba, vidole vimepanuka kidogo mwishoni, rangi wanatofautiana sana, wengine kahawia, wengine kijivu, wengine wekunduwekundu kabisa. Mchana humuoni kirahisi. Usiku baada ya mvua ukipita na tochi taratibu unamkuta amekaa juu ya jani la kangaga au majani ya miti michanga, usawa wa goti mpaka kiuno, ametulia tu.

Sasa chura wote tuliowazoea dume anampanda jike majini, jike anamwaga mayai, mbegu inayakuta humo humo majini, wanatoka viluwiluwi, mkia unapotea, anakuwa chura. Huyu hapana. Mbegu inaingia ndani ya jike, mayai yanabaki tumboni, mtoto anakua humo humo na anapotoka anatoka chura kamili ana miguu yote minne, kadogo sana lakini kamekamilika. Hakuna kiluwiluwi kinachoogelea popote. Na jamii yote hii ya Nectophrynoides duniani ipo Tanzania peke yake, haipo Kenya, haipo Msumbiji, ni hapa kwetu kwenye milima tu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwa kuwa huyu chura hana haja ya dimbwi wala mto wa kutagia, unyevu wake wote anaupata kwenye msitu wenyewe, kwenye majani yaliyooza chini, kuvumwani, kangaga na kivuli cha miti mikubwa. Ukiharibu hicho hata kama mto umeubakiza unatiririka, yeye umeshamuua. Na watu wengi hapa wanadhani maadamu miti mikubwa inaonekana ukiwa barabarani basi msitu upo. Tuongee hilo.

KijanaNgamiani:
Mkuu umenifungua macho aisee, mi nimezaliwa Tanga nimekulia Tanga na Amani nimeshapelekwa na shule, tulioneshwa miti na nyumba za Wajerumani basi tukarudi. Chura anazaa sijawahi kusikia. Sasa swali langu, ana tumbo la uzazi kama la mama zetu au inakuaje, mtoto anakula nini humo ndani miezi yote?

TichaBios:
Nijibu hapo maana ndo somo ninalofundisha. Hana mji wa mimba kama wa binadamu, na hakuna kondo la nyuma wala kitovu. Mayai yanakaa kwenye mirija ya mayai ya mama, na kila mtoto anakula kiini cha yai lake mwenyewe mpaka kinaisha na yeye amekamilika. Mama anachotoa ni hifadhi na unyevu. Ndo maana mayai yake yana kiini kingi, na idadi ya watoto ni ndogo ukilinganisha na chura wa dimbwini anayemwaga mayai maelfu kwa mkupuo. Ndani ya jamii hii hii kuna tofauti lakini, yule Nectophrynoides viviparus wa kusini anaweza kubeba watoto zaidi ya 100.

Afu kuna mwingine Afrika Magharibi, Mlima Nimba, pale Guinea inapopakana na Ivory Coast na Liberia, huyo ndo kaenda mbali zaidi, watoto wanalishwa na ute anaoutoa mama humo tumboni kwa miezi kama 9. Huyo yuko jamii nyingine sio Nectophrynoides ingawa zamani walimuweka huku. Duniani kuna aina za vyura zaidi ya 7,000 na wanaozaa hawafiki hata asilimia 1, kwa hiyo muelewe tunaongelea kitu adimu kiasi gani, na sehemu kubwa ya hao adimu wako kwenye milima yetu.

KijanaNgamiani:
Dah. Asante ticha. Na hiyo mbegu inaingiaje ndani, dume ana uume?

TichaBios:
Hana. Dume anamkumbatia jike wanakutanisha matundu yao ya nyuma, mbegu inapita hapo. Ni kama ndege wengi wanavyofanya.

Mpitanjia77:
Samahani wadau lakini mi nitasema ukweli. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Watu wa milimani wana watoto wa kusomesha, wanataka ardhi walime, nyie mnaleta chura wa sentimita 3. Kama ni adimu kweli serikali si imchimbie bwawa zuri sehemu moja, waweke fensi, wawahamishie wote huko, wananchi waachiwe eneo lao walime. Mbona tembo wanahamishwa.

ZigiJuu:
Mkuu hoja yako naiheshimu kwa sababu na mimi nina ndugu wanaolima. Lakini hilo la bwawa ndo nimelieleza kule juu, huyu hana kazi na bwawa. Chura hanywi maji kwa mdomo, anayafyonza kwa ngozi ya tumbo na mapajani akiwa amekaa kwenye jani bichi au udongo uliolowa. Hiyo ngozi ni nyembamba, maji yanaingia kirahisi na yanatoka kirahisi. Sasa umuweke sehemu ya wazi jua la saa 7 mchana upepo unapita, hamalizi siku.

Na huo unyevu hauchimbwi. Usambara inapata mvua kwa sababu upepo wa baharini unatoka Bahari ya Hindi umebeba maji, unafika kwenye milima unapanda, unapoa, yanakuwa mawingu na mvua, Amani pale inaenda karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati mji wa Tanga uko chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Usiku ukungu unashuka unashika kwenye majani unadondoka matone hata kama hakuna mvua. Wataalamu wanasema msitu wa milima hii yote ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa na Mahenge, mabloku 13, umekaa na unyevu wake mamilioni ya miaka hata vipindi ambavyo sehemu nyingine za Afrika zilikauka, ndo maana viumbe wa ajabu wamebaki humu. Utajengaje hicho kitu ndani ya fensi?

Halafu la ng'ombe na maji, mkuu, maji yenyewe ndo haya. Mto Zigi unaanzia huku huku anakokaa huyo chura, unashuka unaingia bwawa la Mabayani, Tanga mjini mnakinga ndoo. Mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji na kulinda chanzo, watu hawaweki hela namna hiyo kwenye mchezo. Ile sponji ya majani na udongo mweusi inayomfanya chura aishi bila dimbwi ndo hiyo hiyo inashika mvua ya masika na kuiachia taratibu mpaka Januari na Februari wakati wa kiangazi. Akipotea chura ujue sponji imekauka, na wewe mtu wa mjini utajua kwenye bomba.

Mpitanjia77:
Hapo kwenye maji nimekuelewa. Kwenye kuhamisha bado nauliza, haiwezekani kabisa?

BandariniTu:
Si kuna yule waliyempeleka Marekani kwa ndege akarudishwa? Kihansi kama sikosei. Ilitangazwa sana.

TichaBios:
Ndiyo na hiyo ndo inajibu swali la mkuu hapo juu vizuri kuliko maneno yetu. Yule ni ndugu wa huyu wa Amani, Nectophrynoides asperginis, chura wa Kihansi, milima ya Udzungwa. Naye anazaa, mdogo kuliko hata huyu, rangi ya njano, na jike akiwa na mimba ngozi ya tumbo inapitisha mwanga unawaona watoto kwa ndani. Alionekana mara ya kwanza 1996 watu wakifanya tathmini ya mazingira ya mradi wa umeme, akaandikwa rasmi miaka michache baadaye. Maisha yake yote yalikuwa kwenye eneo dogo la hekta chache tu kwenye korongo, pale maporomoko yanaporusha manyunyu ya maji muda wote.

Bwawa lilipoanza kazi, maji yaliyokuwa yanaanguka pale korongoni yalipungua kwa kama asilimia 90 yakaelekezwa kwenye mitambo, ni umeme wa megawati 180 sio mdogo na nchi ilikuwa inauhitaji kweli. Manyunyu yakakata. Mwishoni mwa 2000 wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa Bronx Zoo kule New York. Pale korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyiza maji, wakaanza kuongezeka tena, kufika 2003 walikadiriwa kuwa maelfu mengi halafu ndani ya muda mfupi wakaanguka wote, na ugonjwa wa fangasi wa vyura ulikutwa pale. 2009 ikatangazwa rasmi kwamba wameisha porini. Waliobaki ni wale waliozaliwa Marekani, 2010 wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakajengewa maabara yao, 2012 ndo wakaanza kurudishwa korongoni.

Sasa piga hesabu. Miaka 12 nje ya nyumbani, zoo za Marekani, maabara, mabomba, wataalamu wa nchi kadhaa, kwa chura mmoja wa eneo la hekta chache. Na mpaka leo yanahitaji mtu asimamie hayo manyunyu. Kuhamisha kunawezekana mkuu, lakini ni hatua ya mwisho kabisa ya kuokoa kilichobaki, huwezi kuifanya mpango wa kwanza kwa msitu mzima wenye mamia ya viumbe wasiopatikana kwingine.

BandariniTu:
Kumbe na mabomba yaliwekwa, mi nilijua walipelekwa tu. Asante sana mwalimu.

MamaIliki:
Habari zenu wanangu. Mimi ni mkulima wa huku juu, nasoma tu siku zote siandiki lakini leo nimeona niandike. Mnaongea vizuri ila mnaongea kama vile sisi ni maadui wa msitu. Mimi iliki nimelima tangu nimeolewa, watoto wangu wote wamesoma kwa iliki, na iliki haitaki jua, inalimwa chini ya miti mikubwa, sisi miti mikubwa tuliiacha. Walioikata miti mikubwa ni mashine za miaka ya 70 na 80, magogo yalishushwa na malori mchana kweupe kwa ruhusa, ikaja kusitishwa huko mwishoni mwa miaka ya 80, msitu ulishaumia.

Baadaye likaja la ushoroba wa Derema, wa kuunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, hekta 900 na zaidi, wakulima zaidi ya 1,000 tukaambiwa iliki zetu zimo ndani, tutalipwa tutoke. Mimi nilihesabiwa mashina yangu. Hela nilikaa kuisubiri mpaka nikachoka, ilipokuja imekatwakatwa, na shamba nililoahidiwa sehemu nyingine kwangu lilikuwa mbali na halina kivuli, iliki haioti. Sitaji mtu wala ofisi. Nasema tu mtu akitolewa shambani kwake asiposikilizwa, kesho ukimwambia linda chura atakuangalia usoni tu.

ZigiJuu:
Shikamoo mama. Nashukuru umeandika na kila ulichosema kuhusu magogo na Derema wazee wa huku wanakisema hivyo hivyo. Haikuwa haki mtu kusubirishwa vile na kwenye huu uzi sitaki kabisa ionekane mkulima ndo adui.

Ila mama niruhusu niongee la iliki kwa heshima zote, kwa sababu wewe unalijua kuliko mimi. Tunapoandaa shamba la iliki miti mikubwa tunaacha kweli, lakini chini tunafyeka chote, kangaga, miti michanga, majani yote yanakwanguliwa, na baadhi ya miti ya katikati inapunguzwa mwanga uingie kidogo. Ukisimama barabarani unaona msitu. Ukiingia ni nyumba iliyobaki paa, kuta zote zimeondolewa, upepo unapita chini huku na huku. Huyo chura anaishi kwenye hizo kuta, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, paa peke yake halimsaidii. Nimepita usiku kwenye msitu mzima nikawakuta, nikavuka mpaka nikaingia kwenye iliki iliyofyekwa vizuri, nimewatafuta sana sikuwaona, na katikati ya chai ndo kabisa, pale ni jua na dawa.

Na iliki yenyewe baada ya miaka kadhaa ardhi inachoka, si ndo hapo wengi wanaangusha na ile miti mikubwa wapande mahindi na mihogo?

MamaIliki:
Marahaba mwanangu. Hilo la ardhi kuchoka ni kweli kabisa, iliki inazaa vizuri miaka ya mwanzo halafu inarudi nyuma, na mtu hawezi kukaa na shamba lisilompa kitu. Mihogo inaingia. Na kuni za kukaushia iliki nazo zinatoka humo humo. Sikatai.

Lakini na mimi niseme, kwangu upande wa korongo sikufyeka kamwe, nimeacha kangaga na migomba ya porini vilevile kwa sababu mama mkwe wangu alinikataza, alisema ukifyeka korongo chemchemi inahama. Na kweli jirani yangu alifyeka, chemchemi yake kiangazi inakauka, yangu haijawahi. Huyo chura wenu sijui kama yupo lakini pale pako baridi muda wote.

TichaBios:
Mama shikamoo, hilo ulilofanya la korongo ni kubwa mno. Kipande kama hicho kinapoungana na msitu wa hifadhi kinakuwa njia ya wadogo hawa ambao hawawezi kukatiza shamba la jua. Tembo anatembea kilomita na kilomita, chura wa sentimita 3 barabara pana tu ya chai inamtenganisha na ndugu zake. Msitu ukikatwa vipande vipande kila kipande wanabaki wachache wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, na wakifa pale hakuna wa kuja kujaza. Ndo maana hilo la Derema lilikuwa na maana kwa viumbe hata kama namna lilivyofanyika kwa watu iliumiza.

LushotoKwetu:
Nawasalimu kutoka Usambara Magharibi. Msituachie nyuma, na sisi tuna wetu. Nectophrynoides vestergaardi, aliandikwa 2004 na watafiti akina Menegon, mwaka huo huo wakaandika na mwingine wa Usambara Mashariki, Nectophrynoides frontierei. Wetu yuko kwenye misitu ya juu, Magamba, Mazumbai na kwingine, kuna baridi ya kutosha huku mnajua wenyewe. Tatizo huku ni tofauti na la Amani, misitu yetu ilishakatwakatwa zamani, vilima vyote ni viazi, kabichi, karoti, maharage, msitu umebaki vilele na vipande. Mazumbai ndo pazuri mno, ule msitu uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine na haujaguswa sana, ukiingia mle kutoka kwenye mashamba unasikia ubaridi hapo hapo mpakani, hatua kumi tu. Mi nasema tuwapeleke watoto wa shule wasimame pale mpakani, mguu mmoja shambani mguu mmoja msituni, hawahitaji kuhubiriwa.

KijanaNgamiani:
Kwa hiyo jumla wako aina ngapi hawa wanaozaa?

TichaBios:
Walikuwa 13 kwa muda mrefu. Novemba 2025 zikatangazwa 3 mpya zote za kusini, kwa hiyo 16. Na jinsi walivyozipata inafurahisha, yule viviparus ambaye Tornier alimwandika 1905 alikuwa anahesabiwa aina moja iliyotapakaa milima mingi. Watafiti wakaenda kwenye vyura vilivyohifadhiwa makumbusho Ulaya miaka kama 120, wakafanikiwa kutoa vinasaba kwenye hivyo vyura vya enzi za Wajerumani, wakalinganisha na wa sasa, ikaonekana ni aina kadhaa zilizokuwa zinabeba jina moja. Wadau muelewe maana yake. Chura aliyedhaniwa yuko milima mingi kumbe kila mlima una wake, na mwenye mlima mmoja tu ukiisha huo mlima kaisha. Hata huyu tornieri wa kwetu anayetajwa milima zaidi ya mmoja, mi sitashangaa siku moja wakimgawanya.

Mwanamakorora:
Jamani mi naomba kuuliza la kawaida. Bibi yangu alikuwa anatukataza kushika chura anasema akikukojolea unaota chunjua. Na je mtu wa kawaida anaweza kuja kuwaona? Nina wanangu wawili wanapenda sana wadudu na wanyama, nikiwasomea huu uzi jana usiku hawakulala wanauliza tunaenda lini.

ZigiJuu:
Dada yangu karibuni sana. Chunjua inatokana na virusi vya binadamu, sio mkojo wa chura. Lakini bibi kukataza kushika alifanya vizuri kwa sababu nyingine, mikono yetu ina chumvi, mafuta, dawa ya mbu, sabuni, na hiyo ngozi yake inafyonza kila kitu. Sisi tunaangalia kwa tochi hatushiki, na tochi hatumkazii machoni muda mrefu.

Kuja ni rahisi, unafika Muheza, unapanda gari za Amani, njia inapita geti la Zigi, pale pana jengo la zamani la kituo cha reli ya Wajerumani wamelifanya kituo cha taarifa, unalipia kiingilio cha hifadhi unaandikisha. Hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, ni ya tangu 1997, zaidi ya hekta 8,000, ndo ya kwanza ya aina yake nchini. Usiku usiingie peke yako, lazima uwe na mwongozaji, ni sheria na pia kuna nyoka na njia zinateleza. Wakati mzuri ni masika au vuli, siku mvua imenyesha jioni. Kiangazi wanajificha chini ya majani na magogo yaliyooza unaweza kurudi hujaona hata mmoja.

Na kitu kimoja namsisitizia kila mgeni. Viatu. Ule fangasi wa vyura aliotaja ticha kwenye habari ya Kihansi anaingia kwenye ngozi, anavuruga chumvi za mwili mpaka moyo unasimama, na duniani ameshaporomosha aina zaidi ya 500 za vyura na jamaa zao. Anasafiri kwenye maji na tope. Kwa hiyo gambuti ulilokanyagia kwenye mto mwingine au msitu mwingine lisuguliwe tope lote litoke, lioshwe, likauke juani kabisa kabla hujaingia Amani. Wenye kutoka moja kwa moja Udzungwa kuja huku ndo nawaomba zaidi.

Mpitanjia77:
Nimefuatilia mpaka hapa. Swali langu la mwisho na nauliza kwa nia njema. Mkulima kama mama hapo juu, aache korongo, asifyeke chini, asikate mti, yeye anakula nini? Mana chura hamlipi ada ya shule.

ZigiJuu:
Ni swali la haki na ndo linatakiwa lijibiwe na watu wa mjini wanaokunywa maji. Kuna umoja wa wakulima wahifadhi wa bonde la Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, wamekuwa wakihangaika na hili, kupanda viungo pamoja na miti, kuacha kingo za mito, mambo ya matuta. Karafuu, pilipili manga, mdalasini vinakaa na miti na havilazimishi ufyeke chini kila msimu kama iliki. Mi msimamo wangu ni kwamba mkulima anayelinda chemchemi anafanya kazi ya mamlaka ya maji, basi alipwe kama anayefanya kazi, kila mwaka, sio fidia ya mara moja ya kumtoa. Hela ya maji inayokusanywa Tanga kiasi fulani kipande mlimani kwa mwenye korongo. Hilo ningependa wenye kujua mambo ya halmashauri mtusaidie linapitia wapi.

MamaIliki:
Hapo mwanangu umeongea. Pilipili manga nimeshaanza, inapanda kwenye miti vizuri ila inachelewa kuzaa, mtu anahitaji kitu cha kumshika katikati. Wakileta hata miche tu ya bure ya mdalasini wengi watapanda.

Na wewe unayetembeza wageni njoo kwangu uangalie kwenye hilo korongo kama yupo. Mvua za vuli zimeshaanza huku juu.

ZigiJuu:
Nakuja mama, nakutumia ujumbe pembeni unielekeze. Nitaongea na kamati ya maliasili ya kijiji kwanza wajue, halafu naja na tochi mbili na kijana mmoja wa hifadhi anayejua kuwatofautisha. Tutapita korongoni, tupite na kwenye iliki na kwenye pilipili manga, tuandike wapi wapo wapi hawapo na majani ya chini yakoje kila sehemu, nitaweka picha humu. Dada wa Makorora kama utaweza kuja na wanao basi sema mapema, waje na gambuti safi na koti la mvua, dawa ya mbu wasijipake mikononi.

Mwanamakorora:
Tunakuja kaka. Gambuti za shule zinafaa?

ZigiJuu:
Zinafaa kabisa, zisuguliwe tu kwenye nyayo, tope linajificha kwenye zile mistari.